UZI: Magemu ya zamani yenye kasoro zake na bado hatuyawachi

#1 · kikwajuni_juu

Assalaam alaykum wakuu. Nataka tuzungumze magemu ya zamani, ila sio ule mjadala wa kila siku wa lipi bora lipi bovu, huo tushauchosha. Nataka yale ambayo kila mtu anajua kama yana kasoro, tena kasoro za waziwazi, na bado ukiwekewa leo baada ya Isha basi alfajiri itakukuta na pedi ya kuchezea mkononi.

La kwangu mie ni PES 6, gemu la mpira. Ya kampuni ya Konami, mwaka 2006, kwenye PlayStation 2, PS2 tunayoiita. Kasoro zake nazitaja mwenyewe kabla hajaja mtu. Chelsea humo haiitwi Chelsea, inaitwa London FC. Liverpool ni Merseyside Red. Ligi ya Ujerumani haimo kabisa, imo Bayern peke yake. Makipa wanatema mipira ambayo mtoto wa darasa la tatu angeidaka. Na Adriano wa Inter kapewa nguvu ya shuti 99, yaani mpira ukimfika mguu wa kushoto pale nje ya boksi hapo hakuna tena cha kipa wala beki, mnakwenda kuanza kati tu.

Sasa banda letu la gemu lilikuwa na sheria zake ukutani, zimeandikwa kwa makapeni. Ukichukua Inter, Adriano anakaa benchi. Ukisimamisha gemu wakati mwenzio anakwenda peke yake na kipa, goli linahesabiwa na hakuna kubishana. Anayefungwa anapisha. Hizi sheria hazikuletwa na Konami, tumezitunga sisi kwa sababu gemu lilikuwa na upungufu na sote tuliujua upungufu wenyewe uko wapi. Nnavyoona mie mapenzi ya magemu haya yametokea hapo hapo, kwenye ule upungufu, sio kwamba tumeyapenda tukaufumbia macho.

Tiririkeni.

#2 · wete_kwetu

Waalaykum salaam kaka. Mie nakwenda nyuma zaidi yako. Contra, lile la wanajeshi wawili wanakimbia na kupiga risasi.

Kwanza mjue sisi huku Pemba kabla ya waya wa baharini wa kutoka Tanga kufika mwaka 2010 umeme wetu ulikuwa wa majenereta ya Wesha, na alokulia kwenye jenereta anajua mgao ni kitu gani. Gemu letu lilikuwa lile la kaseti, mashine za kuiga za Nintendo, alituletea baba mdogo kutoka Unguja. Kaseti imeandikwa juu magemu 9999 na ukiyapitia yote ni magemu machache yanajirudia, Mario anaanzia huku, Mario anaanzia kule, basi.

Contra haina huruma hata kidogo, risasi moja tu ushakufa. Haihifadhi, umeme ukikatika unaanza mwanzo. Na ile hatua ya maporomoko ya maji, mnapanda juu wawili, aliye mbele akifanya haraka skrini inapanda nae na wa nyuma anaachwa chini anakufa bila ya kuguswa na mtu. Ile ni kasoro ya wazi kabisa, mtu anauliwa na mwenziwe bila ya kosa. Lakini mie na mdogo wangu kwa sababu ya hatua ile ile tulijifunza kupanda kwa kuitana, "ruka", "bado", "ruka sasa", mama alikuwa anatusikia ukumbini anadhani tunapigana.

Halafu kuna ile ya kuibiana roho. Roho zako, yaani zile nafasi za kufa na kuendelea, zikisha unabonyeza A unachukua ya mwenzio bila ya kumuomba. Mdogo wangu alikuwa anazimaliza zake kwa makusudi anakuja kula zangu, wallahi mpaka leo ana watoto na bado namdai.

Na ule mchezo wa juu juu chini chini kushoto kulia kushoto kulia B A, roho 30, huo ulifika Wete bila ya intaneti wala gazeti, mdomo kwa mdomo. Mtengenezaji mmoja wa Konami, Kazuhisa Hashimoto, aliutia kwanza kwenye gemu jengine, Gradius ya 1986, kwa sababu lilikuwa gumu mpaka yeye mwenyewe alishindwa kulijaribu mpaka mwisho. Yaani dawa yenyewe ilianza kwa sababu gemu lilizidi ugumu.

#3 · chukwani2k4

Samahanini wakubwa zangu nauliza kwa heshima. Mie nimezaliwa 2004. Hizi PES 6 na Contra nimezicheza kwenye simu kwa emuleta, ile programu ya kuiga mashine za zamani, nimekaa nazo, nimejaribu. Naona wachezaji wanageuka kama wana mzigo, naona uwanja mdogo, naona risasi hazionekani. Isije ikawa mnachokipenda sio gemu, ni ule utoto wenu na ile hewa ya bandani? Kwa sababu kama gemu lenyewe ni zuri basi na mie ningelipenda bila ya kuwa nimekulia nalo.

Na jengine, mie usiku nacheza na binamu yangu yuko Muscat, tunasikilizana kwenye hedfoni tunacheka. PES 6 inanipa hicho?

#4 · kikwajuni_juu

Mdogo wangu umeuliza vizuri na nakujibu kwa kirefu. La binamu wa Muscat umeshinda, PES 6 kwenye PS2 haikupi hilo na siwezi kulibishia. Familia zetu nusu ziko Uarabuni, kucheza na mtu wa damu yako aliye mbali ni kitu kikubwa.

Ila hili la utoto sikubali lote. Utoto una sehemu yake, lakini mie nimekuwa mtoto kwenye magemu mengi tu, kuna magemu ya magari na ya filamu tuliyoyacheza bandani wakati ule ule, hewa ile ile, ubuyu ule ule mdomoni, na leo hakuna hata mmoja anayeyataja. Utoto ungekuwa ndo sababu basi yote yangebaki.

Tizama mambo haya. Space Invaders ya mwaka 1978, ya Taito. Alieitengeneza, Tomohiro Nishikado, mashine yake haikuwa na nguvu ya kuwasogeza maadui wote kwa haraka, kwa hivyo wakiwa wengi wanakwenda polepole, ukiwapiga wakapungua mashine inapata nafasi, wanaanza kukimbia. Ulikuwa udhaifu wa mashine. Akauwacha, na ile ndo ikawa roho ya gemu, kadri unavyokaribia kushinda ndivyo moyo unavyokwenda mbio. Street Fighter II ya 1991 nayo, ile kuunganisha ngumi na teke mtu asipate kujikinga, kombo tunayoita, haikupangwa. Noritaka Funamizu wa Capcom aliikuta wakati anakagua ile sehemu ya kuvunja gari, wakaona ni ngumu wachache ndo wataiweza, wakaiwacha imo. Leo nitajie gemu la kupigana lisilokuwa na kombo.

Kwa hivyo hoja yangu ni hii. Kasoro ikikaa pale pale miaka yote, watu wanaijua, wanaizoea, wanaitungia sheria, na mwisho ujuzi wenyewe wa kulicheza gemu unakuwa ni ujuzi wa kuijua ile kasoro. Lile bao la barazani lenye shimo lililopasuka, wazee wanajua kete pale inakwama na wanacheza huku wanalijua, mgeni ndo anashangaa. Magemu yenu ya sasa kasoro inafutwa wewe umelala, unaamka asubuhi apdeti imeshaingia, mchezaji uliyemzoea kapunguzwa kasi, mbinu uliyoihangaikia mwezi mzima haipo. Hupati kukaa nalo. eFootball, ndo PES yenyewe iliyobadilishwa jina, ilipotoka Septemba 2021 ilikuwa na sura za wachezaji za kutisha, dunia nzima ikapiga kelele, wakarekebisha na kurekebisha tena, sasa hivi ukiniuliza eFootball ni gemu gani nitakuuliza ya mwezi gani.

#5 · fundi_wa_darajani

Nimesoma wote, naongeza la ufundi maana hiki ndo chakula changu.

Kuna gemu la bata, Duck Hunt, lile la bunduki. Vijana wananiletea bunduki wanasema fundi imekufa hii, napiga haipati. Bunduki nzima, tivii ndo mbaya. Ile bunduki haitoi kitu chochote, inapokea mwanga. Ukivuta kile kidole skrini inakuwa nyeusi kwa kitambo kidogo kabisa halafu pale alipo bata panatoka kisanduku cheupe, bunduki ikikiona kile cheupe kwa wakati ule ule gemu linajua umepata. Tivii za tumbo zilikuwa zinachora picha papo hapo. Hizi bapa zinachelewa kidogo kuionyesha picha, bunduki inatizama cheupe hakijafika, basi umekosa. Kwa hivyo mwenye Duck Hunt na tivii ya tumbo asiitupe ile tivii hata kidogo, mwanawe akimwambia imeshapitwa na wakati amwambie iko kazini.

PS2 zenyewe nazo, watu wanazidharau. Mashine ilitoka Japani Machi 2000, zimeuzwa zaidi ya milioni 150, na mpaka Novemba 2013 Konami bado walikuwa wanaitolea PES 2014. Umri gani huo kwa mashine. Huku kwetu kinachoziua ni vitu viwili, lenzi na hewa ya chumvi. Ukiwa na nyumba Malindi au Forodhani pale karibu na maji, ukifungua ndani unakuta chuma kimeshaota kutu na kijani kwenye miguu ya saketi. Nakuambieni ifunikeni na kitambaa kikavu, msiiweke dirishani.

#6 · binti_wa_malindi

Kaka zangu mmezungumza mpira na bunduki tu, na sisi tulikuwepo.

Nyumbani kwetu kulikuwa na ile ya mkononi, ya betri, skrini ya kijivu, matofali yanashuka. Tulikuwa watoto watano kwa gemu moja, na betri tukizitia juani zipate nguvu kidogo tena. Ile ni Tetris, Alexey Pajitnov aliitunga Moscow mwaka 1984, na kasoro yake mwenye kuicheza anaijua: ule mti mrefu, lile tofali lililonyooka, hauji. Unajenga, unawacha upenyo pembeni, unaungoja, unakuja mraba, unakuja mraba tena, unapanda mpaka juu unakufa na upenyo wako. Tetris za sasa zimerekebishwa, maumbo yote saba yanachanganywa lazima yapite yote ndo yarudi tena, mti mrefu utaupata tu. Haki ipo, nakubali, na nimezicheza. Lakini ile ya zamani ilinifundisha kutojenga nyumba yangu yote kwa ajili ya kitu kimoja ambacho hakijafika, na dada yangu mkubwa ambaye alikuwa hawezi kujizuia anawacha upenyo kila mara, tulikuwa tunamjua mtu tabia yake kwa namna anavyopanga matofali.

Na nyinyi mnaosema kasoro inaleta mapenzi, Tetris ya Nintendo ya 1989 watu waliamini miaka na miaka kwamba hatua ya 29 ndo mwisho, vidole haviwezi tena kufuata ile kasi. Disemba 2023 mtoto wa miaka 13 huko Marekani akaipeleka mpaka hatua ya 157 gemu likaganda lenyewe. Likaganda! Kukwama kwa programu, kitu ambacho gemu jengine lote ungelirudisha dukani, hapo ndo ulikuwa ushindi wenyewe, watu walikuwa wanashindana nani atakuwa wa kwanza kulifikisha pale likwame.

#7 · chukwani2k4

Dada hapo kwenye Tetris nimekuelewa na hata ile ya Space Invaders ya mkubwa nimeielewa. Ila mnachagua kasoro nzuri nzuri. Makipa wa PES 6 kutema mipira kuna uzuri gani? Chelsea kukosa jina kuna uzuri gani?

#8 · kikwajuni_juu

Makipa hakuna uzuri, ni wabovu na wanakera. Sio kila kasoro ina baraka.

Ila hili la leseni ngoja nikusimulie maana ni kubwa kuliko unavyodhani. Konami hawakuwa na haki za majina, kwa hivyo wakatia ndani sehemu ya kuediti ambayo mtu aweza kubadilisha kila kitu, jina la klabu, jezi, nembo, kimo cha mchezaji, kasi yake, nywele, mpaka rangi ya viatu. Walijua watu watataka kuirudisha Chelsea iwe Chelsea. Huku kwetu kwanza tulifanya hayo hayo. Halafu mtoto wa ami yangu akakaa nayo akafanya jengine.

Mnajua Zanzibar haimo FIFA. CAF walitupokea Machi 2017 na Julai ya mwaka huo huo wakatutoa. Kwenye gemu la mpira la dunia nzima hutaiona Zanzibar katika orodha ya nchi, na wakati ule hata Tanzania haikuwemo. Basi yule bwana akachukua klabu moja ya Ulaya ambayo hakuna mtu bandani aliyekuwa anaichagua, akafuta jina akaandika ZANZIBAR. Jezi akaipaka. Nembo akaichora mwenyewe bendera, ile iliyorudi 2005, nukta kwa nukta, anasogeza kwa mishale ya pedi anabonyeza, anasogeza anabonyeza, buluu juu, nyeusi kati, kijani chini. Kilichomtoa jasho ni kile kijibendera cha Muungano kule juu pembeni, kwa sababu ule mstari mweusi unakwenda mshazari na kwenye nukta za mraba mshazari unatoka ngazi ngazi. Kaufuta, kaurudia, kaufuta, huku nyuma watu wanapiga kelele mashine imeshikwa na mtu hachezi, na mwenye banda akawaambia muacheni, hilo ni jambo la nchi. Mpaka adhana ya Magharibi ndo akakubali ule mstari uliotoka, na ukiutizama kwa mbali kidogo ulikuwa mstari sawasawa.

Wachezaji akawapa majina ya watu wa mtaa. Kipa alikuwa fundi baskeli wa pale kona, kimo kile kile cha kweli. Na siku ya kwanza Zanzibar ilipoingia uwanjani na Brazil, banda zima lilisimama, na watu wazima wakaja mlangoni kutizama. Ile jina juu ya skrini imeandikwa vile vile kama zinavyoandikwa nchi nyengine. Tulifungwa, na aliyekuwa ameshika pedi ya Brazil hakushangiliwa na mtu.

Gemu lenye leseni zote lililokamilika lisingetupa kitu kile. Tulikipata kwa sababu lilikuwa na pengo.

#9 · wete_kwetu

Nimeisoma hii mara mbili. Huko Wete nani anajua kama hilo lilifanyika Kikwajuni. Ile memori kadi aliyohifadhia ipo?

#10 · mtoni_kidatu

Salaam. Mie naingia na GTA San Andreas, lile la magenge na magari mitaani, 2004, na sielewi vipi uzi umefika hapa haijatajwa.

CJ, Grove Street, hayo hakuna asiyeyajua. Kasoro zake? Ile misheni ya treni, mnaifukuza kwa pikipiki na Big Smoke nyuma yuko anapiga risasi hewani tu, anakosa watu waliosimama wima, halafu ukishindwa anakulaumu wewe. Misheni ya Zero ya kile kijindege cha mafuta kidogo, watu wamelia. Gari linajigeuza linawaka moto. Polisi wanadondoka kutoka juu.

Na codi, ule mpangilio wa siri wa kubonyeza vitufe vya pedi, tulikuwa tunaziandika nyuma ya daftari la skuli, R1, R2, L1, X, kushoto, chini, kulia, juu, kushoto, chini, kulia, juu, uhai na fedha dola laki mbili na nusu. Mwalimu alilichukua daftari langu la Jiografia akafikiri nimeandika hirizi.

Sasa ukungu. PS2 ilikuwa na megabaiti 32 tu za memori, simu yako ya tochi... sawa sio tochi lakini simu yoyote ya leo inaipita mara nyingi. Haikuweza kuonyesha mbali, kwa hivyo wakatia ukungu na vumbi la rangi ya chungwa. Mwaka 2021 mwezi wa Novemba wakaleta toleo jipya lililosafishwa, ukungu wameutoa, unasimama juu ya mlima Chiliad unaona miji yote mitatu kwa pamoja, na papo hapo ile nchi kubwa uliyokuwa ukiendesha gari usiku mzima unaiona ni kiwanja. Umbali wote ulikuwa ni ule ukungu. Mvua nayo ilitoka vibaya, watu wakakasirika mpaka Rockstar wakaomba radhi na kuyarudisha matoleo ya zamani kwenye duka lao la kompyuta. Na Novemba 2024 wakaja na apdeti ya kurudisha mwanga wa kizamani. Miaka mitatu kurudi kule walikotoka.

Silent Hill, gemu la kutisha la 1999, ilifanya hivyo hivyo kwenye PS1, mashine haifiki mbali, wakaufunika mji wote kwa ukungu, na ule ukungu ndo uliokuwa unatisha kuliko majini yenyewe.

#11 · binti_wa_malindi

Kaka Mtoni umenikumbusha giza la 2009. Nyinyi mnakumbuka, kuanzia Disemba mpaka Machi 2010 Unguja nzima hakuna umeme, waya wa baharini umekufa. Kaka zangu walikuwa wanacheza hiyo San Andreas kwenye banda moja la jenereta, mwenye banda anapandisha bei kwa sababu ya petroli, na wao wanachanga. Wakati wa kuhifadhi gemu hapo ilikuwa watu wote kimya, kwa sababu jenereta likikohoa wakati kadi inaandika basi si misheni ile tu inayopotea, ni kadi nzima inaweza kufutika. Kuna aliyekuwa na kazi maalumu ya kusimama nje kuangalia petroli imebaki kiasi gani, anapiga kelele "hifadhini!" na mashine zote zinahifadhi kwa pamoja.

#12 · chukwani2k4

Hiyo ya ukungu imenigusa maana hilo toleo jipya ndo nililocheza mie na nilikuwa najiuliza watu wanapendea nini mji mdogo vile. Nitatafuta la zamani.

Na PES 6, mkubwa, naona mitandaoni kuna mafaili ya kuweka vikosi vya sasa, jezi mpya, majina yote. Nikiliweka hilo sio ndo nitalipenda haraka zaidi? Au mtasema nimeharibu?

#13 · kikwajuni_juu

Weka. Hakuna aliyeharibu hapo, ile sehemu ya kuediti iliwekwa kwa kazi hiyo. Ila chukua kadi mbili. Moja ya vikosi vya leo, moja iwache kama ilivyotoka, Barcelona ya Ronaldinho na Eto'o, Kodivaa ya Drogba. Ukicheza ya leo tu utakuwa unacheza na majina unayoyajua kwa mwendo wa gemu la zamani, vitapishana, utaona hakuna kitu. Anza na ile asili wiki mbili hivi, ucheze na mtu aliyekaa pembeni yako kwenye godoro sio kompyuta, na Adriano mpige marufuku tangu siku ya kwanza.

Na wewe Wete uliuliza kadi. Ipo. Ninayo mie, na fundi akiweza kuitoa data humo nitaigawa kwa kila anayetaka. Binamu yangu alitaka kutia kikosi cha 2017, kile cha Zanzibar kilichofika fainali ya kombe la CECAFA Challenge huko Machakos kikafungwa na Kenya kwa penalti, alianza na mabeki akasafiri akaiwacha pale. Anayekumbuka vizuri kikosi kile aniletee faragha, tukimalize.

#14 · fundi_wa_darajani

Lete kadi, usiichomeke tena kwenye mashine yoyote mpaka niione. Kuna namna ya kunakili kwenda kwenye flashi na ikishafika kwenye kompyuta unaweza kuiendesha hata kwenye emuleta, kadi yenyewe ikifa haina neno. Mengi yanayoletwa kwangu yameharibika kwa sababu mtu alichomoa kadi ikiwa bado inaandika.

#15 · wete_kwetu

Fundi na mie nna swali langu kabla uzi haujakimbilia kwengine. Ile kaseti ya Contra ninayo kweli, mama alikuwa ameihifadhi kabatini na nguo za Idi. Mashine inawaka lakini inatoa skrini ya buluu tu. Naipuliza puliza wapi.

#16 · fundi_wa_darajani

Usiipulize sheikh! Tumepuliza sote utotoni na mate yetu ndo yameziua, ule unyevu unakaa kwenye meno ya shaba unaota kutu. Chukua pamba ya masikio, spiriti ya dukani, sugua yale meno taratibu mpaka pamba itoke safi, iwache ikauke vizuri ndo uichomeke. Na pale inapoingia kwenye mashine pia pasafishe, mara nyingi tatizo liko kule. Ikigoma nipe, ukivuka Unguja njoo nayo na mashine yake na pedi zote mbili, maana nikiitengeneza tutaijaribu ile hatua ya maporomoko na mie sipandi na mtu asiyeitikia akiitwa.

#17 · wete_kwetu

Naitikia. Nakuja na mdogo wangu, roho zangu atazilipa huko huko dukani kwako.